Hadi Maundi na Kurudi

Mizani ya geti la Marangu haimwonei mtu haya. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, ukizidi kilo 20 unafunguliwa palepale, vitunguu vinatolewa, mtungi wa gesi anahamishiwa mwenzake, kelele kidogo, kisha safari. Sisi hatukuwa na cha kupimisha: chapati, chupa ya chai na ndizi mbivu. Matanga ya baba yalikuwa yameanuliwa, maturubai yamekunjwa, ndugu wa Dar wamerudi makazini. Tulipobaki kihambani tukitazamana, mdogo wangu wa kiume alisema tu, "Twendeni Maundi." Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Aliyetutangulia ni baba mdogo. Alianza ugumu pamoja na baba tangu ujanani, na bado ana leseni ya kuongoza watalii.

Kutoka getini, mita 1,879 juu ya usawa wa bahari, njia inaingia msituni moja kwa moja. Baridi inakushika shingoni, na kima wanaruka juu kwa juu. Baba alipanda ngazi zote za kazi ya mlima: mgumu, mpishi, msaidizi, hatimaye mwongozaji. Alifika Uhuru, mita 5,895, mara nyingi kuliko alivyojali kuhesabu. Lakini picha za kileleni tulizonazo nyumbani zina wageni watupu. Yeye ndiye aliyeshika kamera.

Kule juu alikwenda kutafuta ada zetu za shule. Usiku wa manane anatoka Kibo na watu wanaotapika, anawahesabu kwenye giza, anaamua nani aendelee na nani ashushwe. Alikuwa akisema barafu ya kileleni imerudi nyuma kama upara wa mzee, na hakutia chumvi: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha kupotea. Aliyasema hayo kama mtu anayezungumzia ofisi yake.

Msitu ndio ulikuwa wake. Mwezi wa sita shule zikifungwa, kati ya safari na safari, badala ya kulala alitubeba sisi. Alitembea nyuma ya mdogo kuliko wote na kutukataza kukimbia: ukishindwa kuongea huku unatembea, umezidisha mwendo. Karibu na kijito alituchuchumaza mbele ya kaua kadogo, kekundu na kenye njano, kenye kamkia kalikojikunja nyuma. Wataalamu wanakaita Impatiens kilimanjari, na hakaoti kwa asili popote duniani ila katika mlima huu. Baba hakujua jina hilo hadi mgeni mmoja alipomtajia, na tangu hapo hakutupitisha bila kulitamka, kila mara kwa lafudhi tofauti. Safari hii tulikakuta palepale penye unyevu. Dada yetu mdogo akachuchumaa bila kuambiwa.

Mandara tulifika saa sita kasoro. Vibanda vyake vya mbao, vyenye paa linaloshuka hadi karibu na ardhi, vimebeba jina la mangi wa Moshi. Enzi za wakoloni mahali hapa paliitwa Bismarck, na Horombo kule juu paliitwa Peters. Nafurahi majina hayo yaling'olewa, hasa la mkoloni Peters, kwa ukatili aliowafanyia watu wa hapa.

Chai ilipomiminwa, baba mdogo akatueleza jambo ambalo mzee hakututajia kamwe. Aliwahi kuitwa akaongoze misafara ya Machame. Safari za huko ni ndefu zaidi, na bahashishi zake nene.

"Akakataa?" nikauliza.

"Alisema, huku akishuka mchana, usiku anakula kwake na nyie. Nikamwambia, meku, utakufa maskini. Akacheka."

Nilipiga hesabu kimya kimya: mabati, ada, ile pikipiki tuliyomlilia hadi tukachoka. Ninakiri kwamba kwa dakika chache nilimkasirikia. Kisha nikakumbuka zile jioni alizoingia na vumbi la mlima hadi kwenye nyusi, akaomba maji ya miguu, akataka kila daftari lifunguliwe mezani kabla sahani haijaletwa.

Kutoka Mandara hadi ukingo wa kreta ya Maundi ni mwendo mfupi. Miti inafupika, ndevu za kijivu zinaning'inia kwenye matawi, halafu ghafla mbele kunafunguka: Kibo na Mawenzi upande mmoja, upande mwingine tambarare za Taveta na Ziwa Jipe, nusu letu na nusu la Kenya. Hapa ndipo baba alipogeuka kila mara alipokuwa nasi. Wageni wake hupaona kama mazoezi ya kuzoea hewa. Kwake palikuwa mwisho wa safari, na hakuona amepungukiwa na kitu.

Tulimkuta mama zizini jioni, anakatia ng'ombe majani ya migomba.

"Mmekula nini huko?"

Tukamwambia. Tukamwomba mwezi wa kumi na mbili, wajukuu wakija, naye apande.

"Miaka yote hiyo aliwapeleka nyie," akasema, panga mkononi. "Mimi nani angeniachia? Haya majani yangekatwa na nani?" Akanyamaza kidogo. "Mandara nitafika. Huko Maundi tutaona."

Kwa hiyo Desemba anakwenda. Sisi tumeshaanza kubishana nani atabaki na ng'ombe.