Vyoo Vinne na Sigiri Moja

Nyumba ya kwanza niliyoishi haikuwa na pembe. Ilikuwa yuniporti, kile kibanda cha mviringo cha bati ambamo askari polisi wengi wa Uganda wamelelea watoto wao, na ndani hapakuwa na ukuta hata mmoja. Mama alifunga kamba kutoka upande hadi upande, akatundika pazia. Nyuma ya pazia kitanda cha wazee. Mbele yake mikeka yetu, viti viwili na redio ya baba. Mchana bati liliwaka, usiku baridi ikatufikia mifupani. Jiko lilikuwa nje, mafiga matatu chini ya kipande cha bati kilicholiwa na kutu, na jirani akikaanga kitunguu kambi nzima ilijua.

Ramani yetu ilikuwa lile pazia. Likishushwa, hata mtoto mdogo alijua kupiga hodi, ingawa mlango wa kugonga haukuwepo. Wageni wa baba kutoka Busia walilala upande wetu, sisi tukasogea. Sikumbuki mtu kulalamika kwamba nyumba ni ndogo. Labda walilalamika tukiwa tumelala.

Baba alipostaafu tulihamia Kamwokya kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vinavyojengwa mstari mmoja chini ya paa moja. Pazia tulihama nalo. Sigiri, lile jiko la mkaa, ikakaa barazani mbele ya mlango, na mvua ikinyesha kila mama aliivuta yake ndani, mkaa ukiwa bado mwekundu. Nikifikiria hewa tuliyovuta usiku ule nashangaa tuliamkaje.

Halafu shangazi akapata nyumba kwenye maghorofa ya Bugolobi, ya Shirika la Taifa la Nyumba, na huko ndiko nilikoona mara ya kwanza jiko lililo ndani ya nyumba: sinki, kabati, bomba linalotoa maji. Tulimpongeza sana. Tulipokaa kula, matoke yakaletwa kutoka roshani. Ukuta wa roshani ulikuwa na alama ndefu nyeusi ya moshi, na roshani za majirani, za juu na za chini, zilikuwa na alama hiyo hiyo.

Asiyepika matoke hataona sababu. Ndizi humenywa, zikafungwa ndani ya majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba ya mgomba huo huo. Chini ya sufuria hupangwa vikonyo vya majani ili furushi lisizame majini, na juu hufunikwa majani mengine mpaka sufuria yenyewe haionekani. Yakiiva, furushi hutolewa na kukandamizwa kwa mikono likiwa bado lina moto, kisha hurudishwa juu ya mkaa mdogo na kuachwa. Atakaye kula saa saba mchana huanza kumenya asubuhi. Umeme wa kuwasha saa zote hizo haulipiki, na mkaa ndani ya nyumba unaua. Basi wachoraji waliliingiza jiko ndani, na wapishi wakalitoa nje tena.

Kwa jicho langu, tuliiga bila kuuliza. Vilima vya Kololo na Naguru vilipangwa na msanifu Mjerumani Ernst May, mpango wake ukatoka mwaka 1947: Kololo ya wakubwa, Naguru ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba za Kololo zilikuwa na vyumba vya watumishi uani, vile ambavyo Kampala mpaka leo vinaitwa bois kota. Mwenye nyumba hakupika. Sisi tulichukua sebule yake, korido yake na jiko lake, tukasahau kwamba mpishi alikuwa mtu mwingine.

Zamu yangu ilifika nilipopata kiwanja Kira, nje kidogo ya jiji. Ardhi ya Buganda iliyogawiwa machifu kwa Mkataba wa 1900 ilipimwa kwa maili za mraba, ndiyo maana inaitwa mailo. Leo madalali wanaiuza kwa vipande vya futi 50 kwa 100. Ukishaacha nafasi ya gari, ya ukuta wa uzio na ya tangi la maji, kinachobaki ni kidogo kuliko unavyoota.

Mchoraji, kijana mwenye kompyuta nzuri, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, vyoo vingapi?" Nikamwambia vyumba vya kulala ni vinne. Akarudi na vyoo vinne, kila chumba na chake, na jiko lililo wazi kwa sebule, limetenganishwa na meza ya mawe tu. Picha ilipendeza. Mke wangu aliitazama kwa muda, akacheka. "Baba watoto, nikikandamiza matoke hapo, wageni wako watakaa wapi na huo mvuke?"

Fundi mkuu ndiye aliyetuokoa. Alikuja na mpira mrefu wa plastiki angavu, akaujaza maji, yeye akashika ncha moja kwenye kona ya barabara na msaidizi ncha nyingine kule nyuma. Wakangoja maji yatulie, wakaweka alama kwenye vigingi. Kiwanja kilikuwa kinashuka kuelekea nyuma kwa zaidi ya urefu wa mtu, jambo la kawaida katika mji wa vilima. Huku kwetu hakuna bomba la maji taka la mji. Kila nyumba huchimba karo lake na shimo la kunyonya, na maji machafu hayapandi mlima. Choo cha masta, chumba chetu wenyewe cha kulala, kilikuwa kimechorwa kona ya juu, mbele. Bomba lake lingepita chini ya sebule nzima, na siku likiziba tungevunja vigae mbele ya wageni. Tena lori la kunyonya karo lazima lifikishe mpira wake, kwa hiyo karo nalo haliwezi kufichwa popote. Fundi akashika kalamu, akaviweka vyoo viwili upande wa chini, mgongo kwa mgongo, ukuta mmoja na bomba moja. Vingine viwili akavifuta.

Wazee nao wakaleta yao. Mke wangu ni Muganda, na kwa mila yao mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono wala hawalali chini ya paa moja. Anayevunja mwiko, wanasema, hupatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka. Hapo chumba cha wageni cha ndani, kilichokuwa kimechorewa choo chake kizuri, kikawa hakina mgeni. Mama mkwe angelala bois kota, na bois kota ilibidi istahili mama mkwe. Mama yangu alikuwa na swali moja tu. Aliweka kidole kwenye mlango wa sebule akauliza: "Mwanangu, jeneza litapita hapa?" Kwetu marehemu hukeshewa nyumbani, sebuleni, viti vikiwa vimetolewa nje. Mlango ukawa wa mabawa mawili.

Ramani iliyopelekwa manispaa kutafuta kibali, kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, ilikuwa na majiko mawili: la ndani, dogo, la gesi, kwa chai na mayai, na la nje, lenye paa lililoinuliwa ili moshi utoke, limeshikana na bois kota. Tulianza na hilo la nje pamoja na vyumba vyake viwili, tukahamia humo wakati nyumba kubwa ikipanda tofali kwa tofali, kama wafanyavyo wengi hapa.

Mkaa umepanda bei, hasa tangu Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwaka 2023, na vijana wanaojenga jirani zangu hawachori tena jiko la nje. Sijui watapika nini siku ya msiba, watu mia wakiwa uani. Wanaoanza sasa nawashauri wamwite fundi mwenye mpira wa maji kabla ya kumwita mchoraji.

Sisi tumeshahamia nyumba kubwa. Choo cha masta bado hakijawekwa vigae, na mpaka fedha ipatikane wote tunatumia kile cha koridoni.