Tabibu Aliyejifunza Kunyamaza

Carl Rogers, tabibu wa nafsi wa Marekani, alizaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, akakulia shambani. Chuoni alianza na kilimo, akageukia dini, mwisho akashika elimu ya nafsi. Mwepesi wa kuhukumu ataita hiyo tangatanga. Lakini shamba halikumtoka. Uzeeni alisimulia habari za viazi vilivyowekwa chini ya nyumba wakati wa baridi, ambavyo hata gizani vilitoa machipukizi meupe yakinyoosha shingo kuelekea dirishani. Katika viazi hivyo aliwaona wagonjwa wake.

Mwaka 1928 aliajiriwa mjini Rochester kutibu watoto wenye matata, akadumu huko miaka 12. Siku moja mama wa mtoto mtundu alikuja kwake. Rogers alisadiki kwamba asili ya utundu ni mama kumkataa mwanawe, akajaribu kwa upole, mara kwa mara, kumfahamisha hivyo. Hakufaulu. Alipokiri kuwa wameshindwa, wakaagana. Mama alifika mlangoni, akageuka, akauliza kama watu wazima nao hutibiwa hapo. Akarudi kitini akamwaga msiba wa ndoa yake, habari ambayo maswali yote ya tabibu hayakuigusa. Matibabu yalianza hapo, na mtoto naye akapata nafuu. Nani basi alijua kidonda kilipo?

Katika kitabu chake cha mwaka 1942 alimwita mgonjwa mteja, akachapa mazungumzo ya tiba nzima yaliyonaswa katika santuri. Huo ulikuwa ushujaa, maana tabibu hapendi kusikiwa anapokosea. Mwaka 1957 aliandika sifa za tabibu: awe mkweli asiyejificha nyuma ya cheo, amthamini mteja bila sharti, na ayaone maumivu kama mwenyewe anavyoyaona.

Aliyezoea kuwaendea wazee kwa shauri atauliza: je, kunyamaza si kumnyima mhitaji? Swali lina haki. Lakini Rogers hakukaa kimya kama jiwe. Aliyarudisha maneno ya mteja kwa uangalifu hata mteja akajisikia mwenyewe. Kazi hiyo huchosha kuliko kutoa amri.

Baadaye, huko Wisconsin, alijaribu njia yake kwa wagonjwa wa akili waliolazwa hospitalini. Kwa jumla waliotibiwa hawakuwazidi sana wasiotibiwa. Yeye na wenzake wakayachapa matokeo hayo mwaka 1967.