Shahidi wa Kabatini

Mtu aliyepatwa na hasara ni hakimu mbaya. Hasara humharakisha, hasira humwandikia hukumu, na mashahidi huwaita baadaye, ikiwa huwaita kabisa. Msomaji wangu, nimepata kuwa hakimu wa namna hiyo nyumbani kwangu mwenyewe, na kesi niliyoiamua vibaya ilikuwa kesi ya betri. Utasema kwamba hilo ni jambo dogo. Nami nilidhani hivyo. Lakini mambo makubwa hutujia kwa nadra. Tabia zetu hupimwa kila siku kwa mambo madogo.

Nyumba yangu iko upande wa Shinyalu, karibu na ukingo wa msitu wa Kakamega. Ikiwa wewe ni mgeni wa pande hizi, yakupasa kujua kwamba hapa mvua ina saa yake. Asubuhi jua huwaka juu ya mahindi na miwa. Adhuhuri mawingu hukusanyika. Alasiri radi hupiga, na mara nyingine mvua ya mawe huangukia mabati kwa kishindo cha kuziba masikio. Radi ikipiga, umeme hukatika mara nyingi, na giza likishaingia hakuna ajuaye utarudi saa ngapi. Kwa sababu hiyo sisi wa huku huitunza chaji kama wazee wetu walivyoutunza moto wa jikoni, waliofunika makaa kwa majivu ili yasizimike kabla ya kesho. Tena simu si chombo cha maneno tu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha pia. Ikizimika, mwenyewe huwa kama mtu aliyefungiwa nje ya duka lake.

Nyumbani tuna kishikwambi kimoja. Nilikuwa nimekaa nacho miaka minne wakati wa mambo haya ninayokusimulia, nacho kilikuwa mali ya watu wawili. Asubuhi kilikuwa changu, kwa kusoma magazeti. Jioni kilikuwa cha mjukuu wangu, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, kwa masomo yake. Chaji moja ilitutosha sisi sote tangu alfajiri hadi wakati wa kulala.

Jioni moja ya Ijumaa kijana alinijia nikisikiliza habari katika redio. Akasema, “Babu, kishikwambi kinataka kuwekewa programu mpya. Nikubali?” Nilimjibu bila kumtazama, “Kubali.” Neno hilo moja lilikuwa idhini kamili. Liweke akilini, msomaji, maana mimi nililisahau.

Kesho yake, kabla ya saa saba mchana, betri iliyozoea kufika usiku ilikuwa imebakiwa na asilimia 20. Jumapili ikawa vivyo hivyo. Jumatatu kishikwambi kilizimika kabla ya mvua ya alasiri kuanza. Nilimwita kijana mbele ya nyanya yake na mbele ya jirani aliyekuja kututembelea. Nikamwambia, “Umekuwa ukicheza michezo usiku.”

“La, Babu. Sikucheza.”

“Basi chaji inaliwa na nani?”

Akanyamaza. Alikuwa hana jibu, kwa kuwa hakulijua. Mimi niliuhesabu ukimya wake kuwa ni kukiri. Nikatoa hukumu papo hapo: asikiguse tena kishikwambi mpaka nitakapoamua. Mtihani wa kufunga muhula ulikuwa umebakiwa na majuma matatu.

Siku zilizofuata kijana alikaa shuleni hadi jioni akinakili maandishi ya wenzake, akirudi nyumbani amelowa mvua. Sikusikitika, maana nilijiambia kwamba adhabu isiyouma si adhabu. Lakini nilitambua jambo jingine. Kabla ya hapo alikuwa na desturi ya kuniletea neno gumu wakati wa chakula cha jioni, nami nikalifasiri kwa fahari ya mwalimu mstaafu. Sasa hakuleta neno lolote. Alikula, akashukuru, akaondoka. Adabu yake ilikuwa kamili, na ukamilifu huo ndio ulionichoma.

Ajabu ni kwamba chaji iliendelea kupungua ingawa kishikwambi kilikuwa chumbani mwangu. Mtu mwenye busara angalitilia shaka hukumu yake. Mimi nilimtilia shaka kijana mara ya pili: nikadhani anakichukua nikiwa nimelala. Basi usiku wa siku ya kumi nilikijaza chaji mpaka asilimia 100, nikakiweka kabatini bila kukizima, nikafunga kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni mwa shati nililolala nalo. Kutwa iliyofuata ufunguo haukutoka mfukoni mwangu. Jioni nilifungua kabati. Betri ilikuwa imebakiwa na asilimia 31.

Nilisimama mbele ya kabati lile kwa muda mrefu. Nilimtafuta mwizi ndani yake nisimwone. Palikuwa na vyeti vyangu vya ualimu, hati ya shamba na blanketi la wageni. Kufuli nililolifunga ili limshuhudie kijana lilikuwa limenishuhudia mimi.

Asubuhi nilipanda matatu kwenda mjini Kakamega. Karibu na kituo cha magari kuna fundi ambaye kibanda chake hakizidi upana wa mlango. Hakukifungua kishikwambi kwanza. Alianza kwa kuuliza. “Mwalimu, kimewekewa programu mpya karibuni?” Nikamwambia ndiyo. “Na nyumbani kwako mtandao una nguvu?” Nikamwambia kwamba kule kwetu karibu na msitu huja na kuondoka. Ndipo akanionyesha ukurasa ambao kwa miaka minne sikuwahi kuufungua. Kila kishikwambi na kila simu ya siku hizi ina daftari lake la matumizi, ambamo huandikwa kila programu na sehemu ya chaji iliyotumiwa nayo. Daftari hilo halina hasira wala upendeleo. Nilitafuta michezo ya kijana ndani yake, nisiione hata mmoja. Masomo yake hayakuwamo kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimemnyang’anya chombo. Juu kabisa, ikiwa imekula kuliko zote, ilikuwamo programu ya magazeti. Niliyeitaka iwekwe alikuwa mimi.

Fundi akanieleza mambo matatu, nami nakueleza wewe kwa maneno yangu ili usije ukahukumu kama nilivyohukumu.

Jambo la kwanza ni kwamba chombo kilichowekewa programu mpya hufanana na mtu aliyehamia nyumba mpya. Mizigo imekwisha ingia, lakini kazi haijakwisha. Kwa siku chache chombo hupanga upya orodha ya picha na maandishi yake, na hutayarisha programu zake moja moja zipate kwenda sawa na mfumo mgeni. Kazi hii hufanyika kimya kimya, hata kioo kikiwa cheusi, nayo hula chaji. Aghalabu hupungua yenyewe baada ya siku kadhaa.

Jambo la pili ni kwamba programu ya zamani huweza kutopatana na mfumo mpya. Ile yangu ya magazeti ilikuwa haijafanywa upya kamwe. Usiku kucha ilitafuta habari, ikashindwa, ikajaribu tena. Na kwa kuwa mtandao wetu ni dhaifu, chombo kilitumia nguvu nyingi zaidi kuutafuta. Hivyo kule kabatini, gizani, mlikuwa na mtumishi asiyelala akinitafutia magazeti ambayo singeyasoma.

Jambo la tatu lilikuwa umri. Betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, zimeleta manufaa makubwa duniani hata wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi yao juu yake. Walakini betri hizo hazikupewa maisha ya milele. Tunapotumia chaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili, tunapochaji, hurudi. Katika safari hizo nyingi baadhi yake hukwama njiani, zisiweze kutumika tena. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara mia kadhaa, betri nyingi hubakiwa na kiasi cha asilimia 80 tu ya uwezo wao wa kwanza, na joto kali huharakisha uchakavu huo. Betri yangu ilikuwa imezeeka polepole bila ya mimi kutambua, kwa sababu kazi iliyopewa ilikuwa nyepesi. Programu mpya haikuuleta uzee huo. Iliufichua, kama kilima kinavyoyafichua magoti ya mzee aliyezoea tambarare.

Nilitoa fedha ninunue betri mpya. Fundi akakataa kuzipokea. “Betri hii imezeeka, Mwalimu, lakini haijafa. Ipe juma moja kwanza.” Akaifanya upya programu ya magazeti, akaizuia isifanye kazi isipofunguliwa, akapunguza mwanga wa kioo, akakizima kishikwambi na kukiwasha tena. Alinitoza ujira mdogo kuliko nauli yangu. Fundi huyu angaliweza kunidanganya, nami nisingalijua. Uaminifu wa mtu huonekana pale ambapo uwongo wake usingegunduliwa.

Katika matatu, nikirudi nyumbani, nilikumbuka habari iliyotangazwa duniani kote mwishoni mwa mwaka 2017. Kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba mwaka huo huo ilikuwa imetoa programu iliyopunguza mwendo wa baadhi ya simu zake za iPhone zenye betri zilizochakaa. Kampuni ilieleza kuwa nia yake ilikuwa kuzuia simu hizo zisizimike ghafula. Hata kama nia ilikuwa njema, wenye simu hawakuwa wameelezwa wazi. Wapo walioona simu zao zimekuwa goigoi, wakadhani zimekufa, ilhali betri mpya ingalizirudishia mwendo wake. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri nchini Marekani kutoka dola 79 hadi dola 29. Na mwezi wa Februari mwaka 2020 serikali ya Ufaransa ilitangaza kuwa kampuni itatozwa faini ya euro milioni 25 kwa kutowaeleza wateja. Nilipokuwa nikiisoma habari ile kwa mara ya kwanza, niliwalaumu wakubwa wale kwa kuchelewa kusema kweli. Sasa nilijiuliza: mimi nami nitachelewa siku ngapi?

Ni vigumu kwa mzee kumwomba radhi mtoto. Desturi zetu zina njia nyingi za mtoto kumwomba mzee radhi, lakini njia ya kutoka juu kwenda chini haikukanyagwa sana, na majani yameota juu yake. Nilifikiri kumrudishia kishikwambi bila maneno, kana kwamba adhabu imekwisha kwa huruma yangu. Lakini huo ungalikuwa uwongo wa pili juu ya kosa la kwanza. Nilimshtaki mbele ya watu. Ilinipasa kumsafisha mbele ya watu hao hao. Nikamwomba jirani yetu aje, na usiku huo wa siku ya kumi na mbili, baada ya chakula, nikasema mbele yake na mbele ya mke wangu: “Mjukuu wangu, nilikuhukumu bila ushahidi. Programu mpya uliiweka kwa idhini yangu, na chaji ililiwa na magazeti yangu. Nisamehe.”

Kijana aliinamisha kichwa. Nilitazamia furaha, au machozi, au hata lawama. Akasema kwa sauti ndogo, “Babu, mimi nilidhani nimekiharibu kweli. Nilidhani labda kuna kitu nilibonyeza siku ile.”

Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama. Siku zote kumi na mbili alikuwa akijitafuta kosa ambalo hakulitenda, kwa sababu mtu mzima anayemwamini alimwambia kwamba analo. Hukumu ya haraka haimnyimi mtu haki yake tu. Humfanya ajitilie shaka mwenyewe.

Kishikwambi kilipata nafuu ndani ya juma lile, ingawa hakikurudi kuwa kama kilivyokuwa mwanzo. Miezi mitano baadaye tulikibadilishia betri kwa fundi yule yule. Na jioni ya tatu baada ya radhi yangu, kijana aliniletea neno gumu wakati wa chakula. Nililifasiri polepole kuliko desturi yangu, ili lisiishe upesi.

Msomaji kijana, siku moja nawe utakuwa na nyumba, au darasa, au ofisi, na kitu kitaharibika mikononi mwa mdogo wako. Chombo chako kikianza kumaliza chaji upesi baada ya kuwekewa programu mpya, kipe siku chache. Fungua daftari lake la matumizi uone ni nani anayekula. Fanya upya programu zilizobaki nyuma. Pima umri wa betri kabla ya kununua nyingine. Na mtu akishtakiwa mbele yako, mfanyie angalau hisani uliyoifanyia betri. Muulize kabla ya kumhukumu, na asiyekuwa na jibu usimhesabu kuwa amekiri. Si kila nyumba ina kabati lenye kufuli la kumtolea ushahidi asiye na kosa.