Diski ya Baba na Hesabu Iliyopungua

Kompyuta ilituuliza swali moja, nasi tulikaribia kulijibu vibaya. Ilisema kwamba diski tuliyoichomeka haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, kisha ikauliza kama twataka kuifomati. Chini ya maneno hayo palikuwa na vibonye viwili, cha ndiyo na cha hapana. Tulikuwa tumeketi sebuleni kwa Mama hapa Garissa, baada ya Alasiri, feni ikizungusha hewa ya moto, na mdogo wetu alikuwa tayari ameelekeza mshale kwenye ndiyo.

“Kufomati ndiyo nini?” Mama akauliza.

“Ni kuifuta, Mama, ili ianze upya.”

“Basi ondoa mkono wako hapo. Mtu hafuti asichokisoma.”

Lau Mama asingaliuliza, leo tusingalikuwa na la kuwaandikia.

Diski yenyewe ilikuwa ya marehemu Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliinunua pamoja na kompyuta yake ya mezani mwaka 2008, akaitumia mpaka alipofariki. Baadaye umeme ulirudi kwa nguvu siku moja baada ya kukatika, na kompyuta ikaungua. Fundi akatutolea diski, tukaifunga ndani ya leso na kuiweka katika kasha la Mama. Ikakaa humo miaka. Kila mmoja wetu alijua kuna kitu ndani yake, na kila mmoja alidhani mwenziwe atakishughulikia.

Kitu hicho kilikuwa sauti ya Ayeeyo, ndivyo Wasomali wamwitavyo bibi. Yeye ni mama mzaa baba yetu. Mama yetu ni mtu wa Lamu, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha mbili zilikaa mkeka mmoja. Katika Ramadhani ya mwaka 2009, usiku baada ya tarawehe, Baba alikuwa akiweka chombo kidogo cha kurekodia mbele ya mama yake na kumwomba asimulie. Alisimulia mengi: ngamia na malisho, miaka ya vita vya Shifta, na ile hali ya hatari iliyoitawala Kaskazini Mashariki mpaka ikaondolewa mwaka 1991. Usiku mmoja alisimulia Novemba 1980, wakati mtaa wa Bulla Kartasi ulipochomwa moto na askari wa serikali baada ya maafisa kuuawa mjini, na watu wakakusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, bila chakula wala maji.

Ayeeyo alifariki mwaka uliofuata. Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofika Garissa kusikiliza ushahidi, majirani wake walikwenda kusema, lakini yeye alikuwa kaburini. Ripoti ya Tume ilikabidhiwa Mei 2013, na maneno yake hayakuwamo. Yalikuwa katika diski ile peke yake. Baba hakuacha nakala, nasi hatukumwuliza.

Basi mtafahamu kwa nini mioyo yetu ilishuka tulipoichomeka kwa kijisanduku cha USB tulichokinunua mtumba. Baba alikuwa ameigawa diski sehemu mbili. Ya kwanza ilifunguka bila tabu, tukaona barua zake za kazi na picha za harusi. Ya pili, iliyokuwa na sauti, ndiyo iliyotuletea swali lile la kufomati.

Kesho yake tulimpelekea fundi mmoja mjini. Aliitazama kwa muda mfupi, akasema diski imezeeka na nusu yake imekufa. “Tazameni,” alisema, “ilikuwa ya gigabaiti 320, sasa inaonyesha 128. Sehemu iliyobaki imekwenda. Nikiifomati mtaipata hiyo 128 mzima mzima, mtaweza kuitumia.” Hatumlaumu. Alitushauri kama mtu aletewaye chombo, naye hakujua kwamba sisi tulimletea mtu. Tulimshukuru, tukairudisha diski nyumbani ndani ya leso yake, na siku kadhaa hakuna aliyetaka kuizungumzia. Dada yetu mkubwa alianza kusema kwamba yote ni ya Mwenyezi Mungu, na kilichopotea kimepotea. Mama alinyamaza.

Aliyetufumbua macho ni binti wa huyo huyo dada yetu, mwanafunzi wa mambo ya kompyuta huko Mombasa, aliyekuja likizo kwa basi kupitia Garsen na Hola. Alipoelezwa, aliomba kuiona. Aliigeuza na kusoma kibandiko: 320. Akaichomeka, akatazama kioo: 128. Akatabasamu.

“Bibi,” alimwambia Mama, “diski ikiugua haipungui namna hii. Ingekuwa imeharibika tungesikia ikigonga, au ingekwama katika kusoma, au isingeonekana kabisa. Hii 128 si namba ya ugonjwa. Ni namba ya mpaka. Naona kijisanduku ndicho kisichojua kuhesabu.”

Kisha akatueleza, nasi twawaeleza kwa maneno yake kadiri tulivyoyashika. Diski imegawanywa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja hubeba baiti 512, na kila kimoja kina namba yake. Vifaa vya zamani viliandika namba hiyo kwa tarakimu 28 za kompyuta, yaani sufuri na moja tu. Kwa tarakimu hizo 28 namba zinaisha kwenye chumba cha 268,435,456. Zidisha kwa 512, utapata baiti bilioni 137 na ushei, ambazo kompyuta yetu huziandika kuwa gigabaiti 128. Kuanzia mwaka 2002 hivi vifaa vipya vilianza kutumia tarakimu 48, na mpaka ule ukaondoka. Kijisanduku chetu kilikuwa cha kale, kimebaki na hesabu ya kale.

“Ni kama karani aliyepewa daftari lenye nafasi ya tarakimu mbili,” alisema. “Atahesabu nyumba mpaka ya 99. Ya mia hana pa kuiandika. Lakini nyumba ya mia ipo, na watu wake wamo ndani.”

Sehemu ya kwanza ya Baba ilikuwa yote upande wa huku wa mpaka, ndiyo maana ilifunguka. Ya pili ilianzia huku na kuishia ng’ambo. Kompyuta ilipoona sehemu inayodai kuwa na vyumba visivyokuwa katika daftari, iliikana yote na kutaka kuifuta. Laiti tungalibonyeza ndiyo, ingaliandika daftari jipya juu ya la zamani, na ng’ambo ile isingalifikika tena kwa njia nyepesi.

Binti yetu alimpigia mwenzake wa Mombasa, naye akatuma kwa basi adapta mpya, ya aina inayoifaa diski ya zamani kama ile. Ilifika siku ya pili. Tuliichomeka baada ya Isha, watu wazima tisa tumeizunguka meza kama wanaosubiri mwezi. Kioo kikaonyesha 298, na sehemu zote mbili zikatokea, kila moja kwa jina alilolipa Baba.

Tulishangilia, isipokuwa Mama. “Mlisema 320,” alisema. “Hizo 22 nyingine kazichukua nani?”

Mjukuu wake alicheka, akamwuliza, “Bibi, pishi moja ni vibaba vingapi?”

“Vinne.”

“Na kama wa duka lile kibaba chake ni kidogo, na wa duka hili kibaba chake ni kikubwa, gunia lile lile la mchele litatoa hesabu moja?”

Mama akaelewa upesi kuliko sisi. Mwenye kiwanda huita gigabaiti baiti bilioni moja kamili. Kompyuta yetu huita gigabaiti baiti 1,073,741,824. Mchele ni ule ule, kibaba ndicho kilichokua. Kwa hiyo diski ya 320 husomeka 298, na ya 500 husomeka 465, wala hakuna aliyeiba.

Hatukufungua faili hata moja usiku ule. Binti yetu alikataa. Alisema diski ya miaka mingi huenda ikawa na pumzi chache, na pumzi hizo zitumiwe kwanza kunakili. Aliinakili yote, chumba kwa chumba, kwenye diski mpya, na kazi ile ilichukua takriban saa nne. Tulikaa macho tukiomba umeme usikatike. Ilipokwisha, usiku wa manane umepita, aliichomoa diski ya Baba, akaifunga katika leso, akamkabidhi Mama. Ndipo tukafungua nakala.

Rekodi zilikuwa kumi na moja. Katika ile ya Bulla Kartasi, Ayeeyo anaanza kwa kukohoa, kisha anamtaka Baba amletee tasbihi. Hasimulii moto kwanza. Anaanza kutaja majirani, nyumba kwa nyumba, akifuata kichochoro kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila nyumba anasogeza punje moja. Aliyekuwa akishona. Aliyekuwa na mbuzi watatu. Mjane na wanawe. Baba anamkatiza, anamwuliza ni wangapi walikufa kwa jumla, maana watu hawajaafikiana juu ya idadi. Ayeeyo ananyamaza kidogo, kisha anamjibu kwamba yeye hajui jumla, anajua nyumba. Na kwamba anayetaka kuhesabu, sharti kwanza awe anajua nyumba zilikuwa wapi. Halafu anaendelea pale alipoachia.

Mama, ambaye Kisomali alijifunza ukweni, alikuwa akitafsiri kwa sauti ya chini kwa ajili ya wajukuu. Alipofika hapo alishindwa, na binti yetu akamshika mkono. Hakuna aliyesema neno mpaka adhana ya Alfajiri.

Tangu siku ile tumefanya mambo ambayo tulipaswa kuyafanya zamani. Nakala moja iko Garissa, ya pili iko Mombasa kwa kaka yetu, ya tatu iko Lamu kwa watu wa Mama, ili moto, maji au mwizi wa mji mmoja asiweze kutuondolea zote. Tumeanza kuyaandika majina aliyoyataja, na wazee wawili wa mtaa ule wanatusaidia kuyasahihisha.

Nanyi ndugu zetu, akina mama hasa, ambao ndio watunzaji wa makasha, tunawapa haya machache. Diski ya zamani ikionyesha ujazo usio wake, soma kwanza kibandiko chake. Tofauti ikiwa ndogo, kama 298 kwa 320, ni kibaba tu. Ikiwa kubwa na kuishia kwenye 128, shuku kifaa kilicho kati ya diski na kompyuta, au kompyuta yenyewe kama ni ya kale. Ikiishia karibu na 32, tazama vipini vidogo vya nyuma ya diski, kwani baadhi ya diski zilikuwa na kipini cha kuzipunguzia ujazo makusudi ili zikubaliwe na kompyuta kuukuu. Hata diski kubwa za siku hizi zina mpaka wao: ya terabaiti 3 katika kifaa kisichoijua huweza kuonyesha gigabaiti 746 tu. Lakini ikigonga au kukwaruza, izime papo hapo, umtafute ajuaye. Na kwa hali yoyote, usikubali kufomati wala kuandika chochote juu yake kabla ya kunakili. Fundi akikuharakisha, mwambie kuna amana ndani.

Jihadharini pia na kinyume chake. Flashi za bei ya kutupa hughushiwa zikaonyesha ujazo mkubwa ambao hazina. Utajaza picha za mwanao, zitaonekana zimeingia, kumbe za baadaye zimefuta za awali au hazikuandikwa popote. Kabla ya kuiamini, ijaze yote kwa vitu visivyo na thamani, kisha uvifungue kimoja kimoja.

Diski ya Baba imerudi kasha lake, ndani ya leso ile ile. Mama hataki itupwe, ingawa kazi yake imekwisha. Juma lililopita alimwita mjukuu wake kabla hajarejea chuoni, akamtaka aweke simu yake juu ya mkeka. Kisha akasema, “Haya, niulize. Mimi bado nipo.”