Tulidhani Ngitili ni Pori Tu



Sisi mafundi wa magauni ya harusi tulitoka Unguja tukafungua duka Shinyanga. Pesa za dhahabu ya Geita hutuletea mabibi harusi wengi. Katika harusi ya kwanza kuisimamia, tulimwomba mzee mmoja tukate kuni za pilau kwenye kichaka chake. Akakataa kwa upole: "Wanangu, hiyo ni ngitili."

Tukaona ni choyo. Ndipo akatusimulia: zamani miti ilifyekwa ili kuondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba, nchi ikabaki kavu. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, watu wakarudia desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Visiki vikachipua vyenyewe. Baadaye watafiti walihesabu katika ngitili za mkoa huu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege.

Tuliona haya. Pilau ya siku moja ingeondoa kilichochukua miaka kurudi.

Sasa kila gauni tunalitoa na mche mmoja. Ndege akila tunda lake, ni sadaka, inshaallah. Nawe bibi harusi, pilau yako itapikwa kwa kuni za wapi?