Herufi Moja Iliyombana Mkono Bi Harusi Wangu



Leo nina aibu yangu ya kukuhadithieni. Nimeikalia kimya muda mrefu, lakini msimu wa harusi umekaribia, na huenda ikamfaa bi harusi mmoja au fundi mwenzangu.

Mimi ni mshonaji. Nilisoma mpaka Fomu Foo hapa hapa Unguja, nikaenda kozi ya cherehani, nikaanzia barazani kwa mama. Sasa, Alhamdulillah, nina duka na wasichana wawili wananisaidia. Kiingereza changu ni kile cha kuvukia mtihani. Kikisemwa taratibu nakielewa, lakini kukisoma na kukiandika bado kinanisumbua.

Miaka michache nyuma nilipata mteja, binti wa kwetu aliyekulia Uingereza, anakuja kuolewa nyumbani. Kiswahili anakizungumza lakini hakiandiki, kwa hiyo vipimo alinitumia kwa simu, kwa Kiingereza. Mwisho akaongeza ombi: gauni lisimbane kwenye WRIST. Mimi nikasoma WAIST. Nikajisemea, maskini, anataka kiuno kipumue ale pilau yake kwa raha! Nikamjibu sawa, nikamtumia na ua, nikaendelea kukata kitambaa.

WAIST ni kiuno. WRIST ni kifundo cha mkono. Yote mawili yana herufi tano, yanaanza na W na kumalizikia IST. Kilichoyatenga ni herufi ya pili tu.

Siku ya harusi nilikwenda mwenyewe kumvisha. Kiuno kilipwaya, nikakibana kwa pini. Mikono ilikuwa mirefu, imebana sawasawa, na safu ya vifungo vya lulu vya pambo nilivyovishona usiku kucha. Watu wakasifu, nami nikavimba kichwa. Ikaingia Alasiri. Bi harusi akataka kusali na udhu ulikuwa umeshamtoka. Akajaribu kupandisha mkono wa gauni, haupandi. Maji ya udhu lazima yafike visukusukuni, nao mkono ule haukupita hata kifundo. Kulivua gauni zima, na kichwa kimeshapambwa, kungechukua muda mrefu na wageni washafika.

Akanitazama, akasema kwa upole, "Dada, si nilikuandikia?"

Nikachukua simu, nikausoma ujumbe tena, herufi kwa herufi. Wallahi miguu iliniisha nguvu. Nikashika mkasi, nikafumua mshono wa mikono yote miwili mpaka juu ya kisukusuku. Akatawadha, akasali. Kisha nikakaa chini mbele yake na sindano, nikamshonea gauni likiwa mwilini, huku ngoma zinalia nje. Hakunilaumu tena, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mwanangu wa kike, yupo sekondari. Yeye ndiye aliyenionesha mchezo wa Wordle. Unakisia neno la Kiingereza la herufi tano, na una nafasi sita. Herufi iliyokaa mahali pake inageuka kijani. Iliyomo lakini imekosea mahali inakuwa njano, na isiyokuwemo kijivu. Kila siku neno ni moja kwa watu wote. Aliutengeneza Josh Wardle, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Marekani, kwa ajili ya mwenza wake aliyependa michezo ya maneno. Uliwekwa wazi kwa watu wote Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la The New York Times likaununua.

Sisi tulianza kuucheza kwenye karatasi, tukitumia vifungo vya dukani vya rangi hizo tatu. Mwanangu akaficha neno, mimi nikaandika WAIST. Akapanga kifungo cha kijani, cha kijivu, kisha kijani, kijani, kijani. Nikakikodolea macho kile cha kijivu. Kilikaa pale pale, kwenye herufi ya pili. Neno lilikuwa WRIST. Mtoto alinipatia kusudi, tukacheka mpaka machozi, na yangu mengine hayakuwa ya kicheko.

Tangu hapo nina daftari la maneno ya herufi tano yanayofanana. BRIDE ni bi harusi, BRIBE ni rushwa, PRIDE ni fahari. Lililonishangaza zaidi ni SATIN, kitambaa chetu cha satini. Chukua herufi zile zile tano, zipange upya, unapata STAIN, yaani doa! Fundi yeyote aliyeshona satini nyeupe anajua hayo mawili yalivyo karibu.

Nikakumbuka chuoni utotoni. Ba, ta na tha zina umbo moja, nukta ndizo zinazozitenga. Mwalimu alitufundisha kwamba qalb ni moyo na kalb ni mbwa, hivyo mtu asiharakishe. Alitusimamisha kwenye kila herufi mpaka tuipate, na aliyekwama hakuchekwa. Kwa nini basi Kiingereza cha mteja nilikisoma mbio?

Jibu nimelipata, na haliko kwenye Kiingereza. Niliona haya kuuliza. Niliogopa binti wa Uingereza ataniona fundi asiyesoma. Kipimo cha mtu ni amana, nami niliona bora nilinde heshima yangu kuliko amana yake. Wazee wametuambia kuuliza si ujinga, lakini tunalikumbuka hilo kitambaa kikishakatwa.

Sasa dukani kwangu kila kipimo kinakwenda na picha. Mteja aliye mbali anazungushia alama sehemu anayoitaka, nami namrudishia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili: "Umesema kifundo cha mkono, nimefahamu sawa?" Na kila bi harusi namuuliza atatawadha vipi akiwa na gauni. Wengi hawakuwa wamelifikiria. Mikono ya siku hizi naiwekea zipu ndogo ya ndani, isiyoonekana, mpaka juu ya kisukusuku.

Nawe bi harusi mtarajiwa, fundi wako akikujibu "sawa" haraka haraka, muombe akurudishie maneno yako kwa maneno yake. Si kumdharau, ni kumsaidia.

Yule binti alinitumia salamu Idi iliyopita. Ana mtoto, na anataka nimshonee gauni la harusi mdogo wake. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza. Safari hii niliusoma mara tatu, kisha nikampigia.

Mwenyezi Mungu atufanyie wepesi katika kazi zetu, na awajaalie maharusi wetu ndoa zenye utulivu na mapenzi. Amin.