Barua kutoka Leeds: Shemeji, usimpe maini mabichi

Shemeji wangu wa Arusha,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na bodaboda iliyopita katikati yake na jogoo wa jirani. Nilichoelewa ni hiki: umenunua mtoto wa mbwa wa Kijerumani kwa ajili ya ulinzi, chakula kikavu cha dukani kinakumaliza mfuko, na kuna kijana kakuonyesha video za Wazungu wakiwalisha mbwa wao nyama mbichi na mifupa. Unauliza kama ni kweli, na kama na wewe uhamie huko, maana machinjio si mbali na kwako. Kaka yako alitaka kukujibu kwa neno moja, "Mpe." Nikamnyang'anya simu.

Ni kweli kabisa. Hapa Leeds maduka ya vyakula vya wanyama yana friza zilizojaa nyama mbichi ya mbwa: kuku aliyesagwa na mifupa yake, bata mzinga, sungura, kondoo, shingo za bata. Kilichonichekesha zaidi ni utumbo wa ng'ombe. Unajua tunavyohangaika nao nyumbani, maji ya moto, kisu, kukwangua mpaka ung'ae, halafu ndimu. Hapa utumbo wa mbwa unauzwa bila kuoshwa, wa kijani, majani aliyotafuna ng'ombe bado yamegandamana nao, na wenye mbwa wanausifia kuliko mnofu. Ukiuyeyusha jikoni, aliyelala ghorofani anaamka. Bei ya mchanganyiko wa nyama ni kati ya pauni 3 na 5 kwa kilo. Zidisha mwenyewe kwa shilingi, halafu kaa chini.

Anayetajwa sana katika habari hii ni Ian Billinghurst, daktari wa wanyama wa Australia, aliyetoa kitabu chake Give Your Dog a Bone mwaka 1993. Hoja yake ni kwamba mbwa kaumbwa ale mifupa mibichi yenye nyama, maini na figo, na mboga kidogo, na kwamba nafaka za kiwandani zinamharibu. Si hoja ya kupuuzwa. Chakula kikavu chenyewe ni cha juzi tu. Katika miaka ya 1860 Mmarekani mmoja aitwaye James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa London, na punje tunazozijua leo zilitokea Marekani miaka ya 1950, kwa mashine za aina ileile inayotengeneza nafaka za kifungua kinywa. Kabla ya hapo mbwa walikula walichopata.

Ila wafuasi wa Billinghurst wakifika pale pa kusema mbwa ni mbwa mwitu aliyefungwa mkanda shingoni, mimi nawaacha waendelee peke yao. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa kijivu wa huku kaskazini. Ile jeni ya kongosho inayosaidia kuvunja wanga, mbwa mwitu anazo nakala 2. Mbwa wa nyumbani anazo kuanzia 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kula makombo yetu yamembadilisha. Wale mbwa wa baba pale Machame, waliolelewa kwa ugali wa dona na mchuzi wa dagaa, hawakuwa wakiteswa. Matumbo yao yaliujua wanga, na dagaa akaliwa na miiba yake akawapa protini na kalsiamu kwa pamoja. Kumbuka huyo dagaa, nitamrudia.

Sasa kwetu. Tunaye Labrador jike, watoto walimshinda baba yao kwa hoja na machozi. Alikuja na mfuko wa punje kutoka kwa mfugaji. Baada ya muda kaka yako, ambaye nyumbani sikumwona akimpa mbwa zaidi ya mfupa wa Krismasi, akaanza kuzungumza na wenye mbwa kule Roundhay Park. Kila siku alirudi na somo jipya: manyoya yatang'aa, meno yatakuwa safi, pumzi haitanuka. Nikakubali kwa sharti kwamba kwanza tumwulize daktari.

Daktari hakufurahi. Kamati ya lishe ya WSAVA, umoja wa dunia wa madaktari wa wanyama wadogo, haishauri nyama mbichi, na yeye yuko upande huo. Alisema faida nyingi zinazosifiwa hazijathibitishwa, lakini vijidudu vimethibitishwa. Kisha akamtazama kaka yako, akaona kichwa cha Mchaga kilichokwisha amua, akasema kama ni lazima basi tununue iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ni mlo kamili wa mbwa wanaokua, si ile ya nyongeza, na tumlete kupimwa uzito. Pakiti hizo mbili zinakaa friza moja na zinafanana. Ya nyongeza ni nyama tu. Ya mlo kamili imeongezewa madini na vitamini mpaka ikatosha.

Tulimhamisha polepole. Mwanzo robo ya bakuli ilikuwa nyama na robo tatu punje, kisha nusu kwa nusu, na baada ya siku kama kumi punje zikaisha. Aina moja tu ya nyama kwanza, kuku. Ukimchanganyia kuku, ng'ombe na kondoo ndani ya wiki moja, akiharisha hutajua umlaumu nani. Kiasi kinakwenda na uzito: mbwa wa wiki nane hadi kumi anapewa asilimia 8 hadi 10 ya uzito wake kwa siku, na kinapungua kadiri anavyokua mpaka asilimia 2 au 3 akishakuwa mkubwa. Wa kwetu alipofika kilo 10 alikuwa kwenye asilimia 6, yaani gramu 600, akagawiwa mara tatu. Mizani yangu ya keki ikawa mali ya mbwa.

Na shemeji, utanisamehe, lakini kinyesi ndicho daftari la mambo haya. Hapa ukimwacha mbwa wako ajisaidie bustanini bila kuokota unapigwa faini, kwa hiyo kila mtu anakifahamu kwa mkono, ndani ya mfuko. Tangu ahamie kwenye nyama, chake kimekuwa kidogo, kigumu, na harufu imepungua. Kikiwa cheupe na kinamong'onyoka kama chaki, mifupa imezidi. Kikiwa cheusi na laini, maini yamezidi. Watu wazima waliosoma wanasimama chini ya miti wakijadili jambo hili kwa sauti ya kawaida, na mimi siku hizi nachangia.

Manyoya? Yanang'aa. Yalikuwa yanang'aa na punje pia.

Nifike penye hatari, maana hapa ndipo watu wengi wanapomharibu mbwa huku wakidhani wanamdekeza. Nyama tupu haimjengi mtoto wa mbwa. Mnofu una fosforasi tele na kalsiamu kidogo sana. Mwili unataka hivyo viwili viende kwa uwiano, kalsiamu ikizidi kidogo, kama 1.2 hadi 1.4 kwa 1. Isipopatikana kwenye bakuli, mwili unakwenda kuitoa kwenye mifupa yake wenyewe. Mbwa anaonekana mnene, ana raha, kumbe miguu inapinda. Siku moja anaruka kutoka kwenye kochi, mfupa unavunjika.

Ukiogopa hilo ukamjaza unga wa mifupa, umeangukia upande wa pili. Mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa, kabla ya kufika kama miezi sita, hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu iliyozidi. Unachompa kinaingia, na viungo vinakua vibaya. Wako wa Kijerumani, mbegu ambayo nyonga zake tayari zinajulikana kwa matatizo, ndiye hasa wa kuogopewa. Utasikia kanuni ya 80 kwa 10 kwa 10: nyama asilimia 80, mfupa 10, na 10 ya mwisho nusu yake maini, nusu figo au bandama. Inashikika kichwani, ila kwa anayekua haitoshi, inapungukiwa zinki, iodini, vitamini E na vingine. Bawa la kuku karibu nusu yake ni mfupa, kwa hiyo bakuli la mabawa matupu limeshapita kipimo. Maini yakizidi, vitamini A inageuka sumu. Mfupa uliopikwa usimpe kamwe, unapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Na ule wa muundi wa ng'ombe unavunja meno, hata ukiwa mbichi.

Jikoni mimi ndiye polisi. Unajua napika kwenye shule, na katika majiko ya shule za hapa kibao cha kukatia nyama mbichi ni chekundu, cha saladi ni cha kijani, na ukivichanganya utaitwa ofisini. Nimekileta kibao chekundu nyumbani. Nyama ya mbwa inayeyuka kwenye friji, rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo chenye mfuniko, si juu ya meza. Kugandisha hakuui salmonela, kunailaza tu. Bakuli ni la chuma na linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni kila mlo. Watoto hawalambwi uso. Jirani yetu mmoja ni mama wa Lamu, mfuasi wa madhehebu ya Shafii, ambaye chombo kilichoguswa na mate ya mbwa hukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilipomsimulia masharti ya daktari alicheka. "Hayo sisi tulifundishwa chuoni," akasema, akanywa chai yake mlangoni, asiingie.

Usidhani ni woga wa bure. Kwa sheria ya Uingereza nyama ya chakula cha mbwa kibichi lazima itoke kwa mnyama aliyepasishwa kuliwa na binadamu, kiwanda kiwe na kibali, na sampuli zinazopimwa zisikutwe na salmonela hata chembe. Pamoja na hayo yote, mwaka 2017 watu wanne England waliugua kwa bakteria wa E. coli O157, na uchunguzi ukaelekea kwenye chakula kibichi cha mbwa. Baadaye kidogo paka wa hapa nchini walipatwa na kifua kikuu cha ng'ombe kilichohusishwa na nyama mbichi ya paa iliyouzwa madukani. Hiyo ni nchi yenye friza kila nyumba na mkaguzi kila mlango.

Sasa uje machinjioni kwako. Huyo kijana wa video hakukwambia habari za Turkana. Kule kaskazini mwa Kenya ulipatikana ugonjwa wa hidatidi kwa viwango vilivyokuwa miongoni mwa vya juu kuliko vyote duniani, mpaka shirika la afya la AMREF likaendesha kampeni miaka ya 1980 ya kuwapasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa. Njia yake ni fupi. Mbuzi, kondoo au ngamia anachinjwa, maini au mapafu yana vifuko vya maji, yanatupiwa mbwa. Tumboni mwa mbwa vinakuwa minyoo midogo sana ya tegu, na mbwa mwenyewe haumwi. Mayai yanatoka na kinyesi, yanakaa kwenye manyoya, mtoto anamshika mbwa kisha anashika mandazi. Miaka inapita, uvimbe unaota kwenye ini la mtoto. Na usiseme hayo ni ya Turkana: vifuko hivyo vimekutwa pia kwenye mifugo iliyochinjwa Arusha na Ngorongoro.

Kwa hiyo jibu langu, na kaka yako amekubali kulitia sahihi: kama huna nyama iliyokaguliwa, friza isiyokatika umeme na mtu wa kukupangia madini, nyama mbichi si ya mbwa wako. Usiache punje zote. Akiwa bado anakua, nusu ya bakuli ibaki chakula kikavu cha watoto wa mbegu kubwa, na nusu mpikie ugali wa dona, dagaa mzima na nyama ya bei nafuu, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila chumvi. Maini na mapafu chemsha nusu saa nzima baada ya maji kutokota. Nenda kwa daktari wa mifugo umwombe prazikwanteli, dawa ya hiyo minyoo ya tegu, mwulize uirudie kila baada ya muda gani, na umwonyeshe miguu ya mbwa kila mwezi. Nyama ya kibudu usiguse, hata wakikupa bure.

Na ukikuta ini lenye vifuko vya maji, lichome moto au lifukie chini kabisa, asilifikie mbwa wako wala wa jirani. Waambie na vijana wa buchani.